Hospitali kabla ya lipu: namna ya kusoma picha za zamani za ujenzi

Juu ya meza yangu ya kazi kuna sahani ya kioo yenye picha ya jengo lisilo na paa. Nikiiweka juu ya sanduku la taa, mbingu inakuwa nyeusi na vivuli vinang'aa, maana ni negativu, yaani picha ambayo mwanga na giza vimebadilishana. Kuta za matofali zimefika ghorofa ya pili. Chini ya kila nafasi ya dirisha, karibu kabisa na sakafu, mwashi ameacha tundu la mraba. Juu, pale dari itakapokaa, kuna tundu jingine kama hilo.

Wengi wanaoiona hudhani ni matundu ya miti ya jukwaa, lile la muda wanalosimamia mafundi. Ya jukwaa nayo yapo, lakini yako nje ya ukuta, yamepangwa safu kwa safu kwa kimo cha fundi anavyopanda, na huzibwa jukwaa linaposhushwa. Haya ya ndani ni njia za hewa. Lipu ilipopigwa, kilichobaki kuonekana ni vyavu vidogo vya chuma tu. Njia yenyewe, inayopanda ndani ya ukuta hadi darini, haikuonekana tena na mtu yeyote.

Ndiyo maana sisi tunaotunza picha za majengo ya tiba tunazithamini mno picha za wakati wa ujenzi, pengine kuliko zile za siku ya ufunguzi. Siku ya ufunguzi shuka zimenyooshwa, maua yako mezani, wakubwa wamejipanga ngazini. Wakati wa ujenzi jengo liko uchi, na unaona waliolijenga waliamini ugonjwa unatoka wapi.

Katikati ya karne ya 19 madaktari wengi wa Ulaya waliamini kwamba maradhi hospitalini huenezwa na hewa iliyochafuka. Kwa imani hiyo, dawa ya kwanza ilikuwa kulitawanya jengo. Hospitali ya Lariboisière mjini Paris, iliyojengwa kati ya 1846 na 1854, iliweka wodi katika majengo membamba yaliyotengana, pande mbili za ua mkubwa. Florence Nightingale, muuguzi Mwingereza, aliusifu mpangilio huo katika maandishi yake ya 1859 kuhusu hospitali. Yeye alitaka wodi ndefu ya vitanda visivyozidi 30 hivi, na madirisha yanayotazamana ili upepo upite moja kwa moja. Hospitali ya St Thomas' ya London ilifuata mawazo hayo: Malkia Victoria aliweka jiwe la msingi 1868, akaifungua 1871, majengo saba yaliyopangwa kando ya mto Thames, ng'ambo ya Bunge. Ukikuta picha iliyopigwa kutoka juu, mitaro ya msingi ikiwa imejipanga kama meno ya kitana, ujue unatazama hospitali ya aina hii hata kama hakuna maandishi yoyote.

Mfano ninaoupenda zaidi ni Johns Hopkins ya Baltimore, Marekani. Ujenzi ulianza 1877, hospitali ikafunguliwa Mei 1889. Mpango wake uliandaliwa na John Shaw Billings, daktari wa jeshi, ambaye alishughulika na hewa kuliko jambo jingine lolote: chini ya wodi aliacha nafasi kubwa ya mabomba ya maji moto, ili hewa safi ipashwe joto kwanza ndipo ipande kwa wagonjwa, na njia zake za hewa alizitenganisha ili hewa ya wodi moja isiingie nyingine. Sasa hesabu miaka. Robert Koch, daktari Mjerumani, alitangaza kijidudu cha kifua kikuu Machi 1882, kuta zikiwa bado zinapanda. Hospitali hiyo ilichorwa enzi za hofu ya hewa chafu na ikafunguliwa enzi za vijidudu. Elimu iligeuka njiani huku waashi wakiendelea kupanga tofali juu ya tofali kwa kufuata michoro ileile, na majengo ya namna hiyo yaliendelea kujengwa kwa miongo mingi baadaye. Jengo ni jambo la pole pole kuliko elimu, na hakuna kinachoonyesha hilo vizuri kuliko mfululizo wa picha za ujenzi.

Barcelona ni ushahidi mwingine. Hospitali ya Sant Pau, iliyosanifiwa na Lluís Domènech i Montaner, ilianza 1902 na kukamilika 1930. Watalii leo hupiga picha za vigae na makuba yake. Lakini majengo yale yaliyotengana yanaunganishwa na njia za chini ya ardhi, ambazo wagonjwa, wahudumu na vifaa walipitia. Aliyesimama bustanini hawezi kuzihisi. Aliyepiga picha mitaro ikiwa wazi ndiye pekee aliyeweza kuona majengo na njia zake kwa pamoja, kama mwili na mishipa yake.

Baada ya hapo mambo yalikwenda mbio. Mwanafizikia Mjerumani Röntgen aligundua eksirei Novemba 1895, na hospitali zikaanza kuhitaji vyumba vya mashine hizo, kisha kuta zenye mabamba ya madini ya risasi ndani yake, ya kuzuia miale. Zege lenye nondo likaruhusu roshani zinazoning'inia, na hapo kuna sanatorio (hospitali ya wagonjwa wa kifua kikuu) ya Paimio nchini Finland, kazi ya msanifu Alvar Aalto, iliyokamilika 1933: safu za roshani za kuotea jua, kwa kuwa kifua kikuu hakikuwa na dawa na jua na hewa ndivyo vilivyotegemewa. Streptomaisini, dawa ya kifua kikuu, iligunduliwa 1943. Dawa za aina hiyo zilipoenea, sanatorio zilikosa wagonjwa, na Paimio ikageuzwa hospitali ya kawaida. Lifti na mifupa ya chuma nazo ziliipandisha hospitali ghorofani, ikaachana na bustani.

Nani hasa alisimama pale na kamera, na kwa nini? Mara nyingi alikuwa mpiga picha wa kulipwa, aliyetumwa na bodi ya hospitali au mkandarasi. Wafadhili walitaka kuona fedha zao zimefika wapi. Mkandarasi alilipwa hatua kwa hatua, na picha ilithibitisha kwamba hatua imefikiwa. Kwa sababu hiyo utakuta mpiga picha amesimama mahali palepale mwezi baada ya mwezi, na mara nyingine kuna ubao wenye tarehe umeegemezwa kwenye rundo la matofali, au namba imekwaruzwa pembeni mwa negativu. Ukipata mfululizo wa namna hiyo usiutawanye hata kidogo. Picha moja iliyochomolewa na kuwekwa kwenye fremu ukutani imepoteza nusu ya maneno yake.

Kusudi la picha lilitawala pia kilichoachwa nje. Ajali hazionekani. Mvua haionekani, kwani mpiga picha alikuja siku ya jua. Nyuma ya picha limeandikwa jina la msanifu, la mkandarasi, na la mwenyekiti wa bodi. Waliobeba zege wameandikwa "wafanyakazi", ikiwa wameandikwa kabisa. Hili linaniuma kila ninapoandaa orodha, na ndiyo sababu nawaomba wenzangu wa hifadhi nyingine wasiridhike na maandishi ya nyuma. Daftari la mishahara la mkandarasi, likiwapo, lina majina na wiki za kazi. Likiwekwa kando ya picha yenye tarehe, linaweza kutuambia nani walikuwa pale juu wiki ile.

Watu hutuuliza zaidi namna ya kujua umri wa picha isiyo na tarehe. Anza na kitu chenyewe kilichobeba picha, kisha ndipo uingie ndani ya picha. Negativu za kioo za kolodioni mbichi (dawa ya majimaji yenye kunata), njia iliyotangazwa na Frederick Scott Archer 1851, zilihitaji kupakwa dawa, kupigwa na kusafishwa papo hapo kabla hazijakauka, kwa hiyo mpiga picha alikuja na hema la giza kwenye eneo la ujenzi. Mara nyingi dawa yake imetandaa bila usawa pembeni, na wakati mwingine utaona alama ya kidole gumba pale sahani iliposhikwa. Sahani kavu za jelatini, zilizotokana na kazi ya Richard Leach Maddox ya 1871, zilitengenezwa viwandani na pembe zake zimekatwa sawasawa. Kwa picha za karatasi, rangi ya kahawia na karatasi nyembamba iliyobandikwa kwenye kadi huashiria karatasi ya ute wa yai, iliyotawala nusu ya pili ya karne ya 19. Kipimo kimoja ni rahisi mno: washa taa ya mwanga wa urujuanimno katika chumba chenye giza. Karatasi ikiwaka rangi ya buluu nyangavu ina ving'arishaji, yaani dawa za kuifanya karatasi ionekane nyeupe zaidi, vilivyoanza kutumika miaka ya 1950 hivi. Picha hiyo inaweza kuonyesha jengo la 1890, lakini nakala uliyoshika haikuchapishwa wakati huo.

Ukiingia ndani ya picha, tazama jukwaa. Miti iliyofungwa kwa kamba inaelekea karne ya 19 au mwanzo wa 20. Mabomba ya chuma yenye vibano yalienea kati ya vita viwili vikuu vya dunia. Tazama vivuli, vinakwambia saa na upande wa kaskazini. Kisha tazama watu.

Kuna faida nyingine ambayo haihusiani na kumbukumbu. Mara kwa mara mafundi wanaokarabati hospitali kongwe huja kwetu na swali moja: bomba limepita wapi? Michoro ya msanifu inaonyesha kilichokusudiwa. Picha inaonyesha kilichofanyika, na viwili hivyo hutofautiana mara nyingi, maana fundi alikuta mwamba au maji akapindisha. Picha za vyumba vya boila zina uzito wa pekee. Mabomba yaliyoviringishwa kitu cheupe kama bandeji, katika majengo ya kuanzia mwisho wa karne ya 19 hadi miaka ya 1970, yanaweza kuwa yamefunikwa kwa asbesto, madini ya nyuzinyuzi, na vumbi lake likivutwa husababisha saratani. Kabla ya kuvunja ukuta wa hospitali ya miaka hiyo, uliza kama kuna picha.

Sasa onyo, na naomba lisomwe taratibu. Filamu nyingi za kabla ya 1951 hivi zilitengenezwa kwa nitrati ya selulosi, ambayo hushika moto upesi, hutoa hewa ya sumu, na huendelea kuungua hata ikikosa hewa ya nje. Hospitali zilijifunza hilo kwa machozi. Tarehe 15 Mei 1929, filamu za eksirei zilizohifadhiwa katika chumba cha chini cha Cleveland Clinic, Marekani, zilishika moto. Watu 123 walikufa, wengi kwa kuvuta hewa ya sumu iliyopanda kupitia jengo, madaktari na wagonjwa pamoja. Ukikuta filamu kuukuu inanata, imegeuka manjano au kahawia, na ina harufu kali, usiikunjue na usiiweke karibu na joto. Itenge mahali pa baridi penye hewa, kisha waite wataalamu wa hifadhi. Filamu yenye harufu ya siki ni ya aina nyingine, asetati: hailipuki ovyo, lakini inaoza, na huozesha za jirani.

Kwa zilizo salama, ishike picha kwa ukingo. Andika nyuma kwa penseli laini, kamwe si kwa kalamu ya wino, na usitumie selotepu. Unapoiskani, skani na upande wa nyuma, na usikate kingo hata kama zimechakaa, kwa sababu namba na alama za mtengenezaji hukaa hukohuko pembeni.

Na za leo je? Hospitali ya Huoshenshan mjini Wuhan, China, yenye vitanda 1,000, ilijengwa kwa siku 10 hivi, ikakabidhiwa tarehe 2 Februari 2020, huku mamilioni ya watu wakitazama kazi moja kwa moja kwenye intaneti. Vyumba vyake vililetwa vikiwa vimeshaundwa, kama vile mhandisi Mwingereza Isambard Kingdom Brunel alivyosafirisha hospitali ya mbao kwa meli hadi Renkioi, Uturuki, 1855, wakati wa vita vya Krimea. Picha za simu zilizopigwa na mafundi kwenye kazi kama hizo ni nyingi kuliko sahani zote za kioo nilizowahi kushika, na nyingi zitapotea simu itakapobadilishwa. Kama wewe ni fundi bomba au fundi umeme na umefanya kazi kwenye hospitali yoyote, picha ulizopiga kabla ukuta haujafungwa ni hati. Ziandike tarehe, mahali na majina ya wenzako, kisha uupelekee uongozi wa jengo nakala.

Narudi kwenye sahani yangu. Kwa kioo cha kukuzia, kwenye kona ya ghorofa ya pili yuko mwashi ameshika timazi. Uzi wake umetoka mwembamba na wazi, bila kutikisika, kwa hiyo alisimama tuli sekunde zote ambazo lenzi ilikuwa wazi. Kando yake kuna ukungu wenye miguu miwili na duara jeusi kichwani: mtu aliyebeba karai, aliyeendelea na kazi. Namba iliyokwaruzwa pembeni ni 14. Daftari la mishahara la jengo lile ninalo, na nimefika ukurasa wa wiki ya kumi na moja.