Ipime ikiwa na mzigo: CB500X kutoka Nakuru hadi Kisumu

Wengi huniletea pikipiki ya safari niikague ikiwa tupu. Tangi lina lita 3, masanduku yameachwa nyumbani, mwenyewe anaizungusha mara mbili hapa mjini Nakuru na kushuka akitabasamu. Huyo bado hajaijua pikipiki yake. Kila anayenijia namwambia lile lile: jaza tangi, funga mzigo utakaosafiri nao, ndipo tuanze kuipima.

Majuzi alikuja mwalimu mmoja kutoka Njoro. Likizo ya Agosti anataka kwenda Lodwar kupitia Kitale, na alikuwa ameonyeshwa Honda CB500X ya mwaka 2020, iliyotumika.

"Fundi, niambie ukweli. Itanifikisha?"

"Mwalimu, twende nayo Kisumu kwanza, halafu nitakujibu."

Muuzaji alikubali. Tukatia jerikeni ya maji ya lita 10 katika kila sanduku, hema na begi la nguo tukavifunga nyuma ya kiti. Yeye akaiendesha, mimi nikafuata na yangu.

Kabla ya kung'oa nanga nilipima shoki ya nyuma. Chukua futi ya fundi nguo, pima kutoka kwenye nati ya ekseli ya nyuma kwenda juu hadi alama uliyoichora mkiani, gurudumu likiwa linaning'inia. Kisha mwenye pikipiki apande, mzigo ukiwepo, mtu aishike isianguke, upime tena. Tofauti ya vipimo hivyo viwili isizidi sana theluthi moja ya mwendo wa shoki, yaani umbali wote ambao nyuma inaweza kubonyea. Ya mwalimu ilishuka sentimita 7, zaidi ya nusu ya mwendo wake wote, na hapo hatujakutana na tuta hata moja.

Nakaa sana kwenye kipimo hiki kwa sababu mengine mengi huanzia hapo. Nyuma ikishuka, mbele huinuka, na usukani unakuwa mwepesi kwenye kona. Taa nayo inamulika majani ya miti na kuwapofusha wanaokuja. Stendi ya kando, ambayo haijabadilika urefu, sasa inaisimamisha pikipiki wima kupita kiasi, na ukiiegesha pabaya inaangukia upande wa pili. Nilikaza pete ya springi kwa spana ya ndoano hadi ikabaki kushuka sentimita 5. Pete ilikuwa imefika mwisho. Nikaandika kwenye daftari: springi ni laini mno kwa mzigo huu.

Cheni nayo ipimwe pikipiki ikiwa na mzigo. Inakaza kabisa pale ambapo sproketi ya mbele, egemeo la mkono wa nyuma (chuma kinachoshika gurudumu la nyuma) na ekseli vinapokaa kwenye mstari mmoja, na vinakaa hivyo shoki ikiwa imebonyea. Ukiikaza pikipiki ikiwa tupu hadi ikose mchezo, ukipanda na mizigo yako inavutwa kama waya wa gitaa. Mimi niliwahi kukaziwa namna hiyo na fundi mmoja asubuhi ya safari. Nilipokaribia Londiani, mvua ikinyesha, beringi ya shafti ya gia ilianza kulia, na safari ikaishia pale. Tangu siku hiyo simkabidhi mtu mwingine cheni yangu. Ya mwalimu ilikuwa imelegea na meno ya sproketi ya nyuma yalishaanza kulala upande mmoja. Hiyo ni gharama ya kupunguzwa kwenye bei.

Ukishapita Salgaa unaanza kupanda Sachangwan, nyuma ya malori. Nakuru iko mita 1,850 hivi juu ya usawa wa bahari, Mau Summit inakaribia 2,500. Kila mita 1,000 unazopanda, hewa hupungua kwa karibu sehemu moja ya kumi, na injini hupungukiwa nguvu vivyo hivyo. Mfumo wa injekta hurekebisha petroli ili mchanganyiko usiharibike, lakini hauwezi kuleta hewa ambayo haipo. CB500X ina silinda 2, cc 471, na nguvu za farasi kama 47. Kule juu zinabaki 37 hivi. Zinatosha: mwalimu alishuka gia moja, akalipita lori la saruji bila kuhangaika. Royal Enfield Himalayan ya zamani ya cc 411 ina farasi 24 na nusu tu, na kule juu inabaki na 19 hivi. Naipenda ile pikipiki kwenye murramu, lakini kwenye mlima huu, ikiwa na mzigo, unakaa nyuma ya lori ukivuta moshi hadi upate nafasi ndefu sana.

Kericho tulibadilishana, nikateremka nayo mimi hadi Awasi. Mteremko huo ndio hupima breki. Toleo la 2019 lilibadilishiwa gurudumu la mbele, likawa la inchi 19 badala ya 17, jambo zuri kwa barabara zetu. Lakini diski ya pili ya mbele ilikuja 2022 (tangu 2024 pikipiki hii inaitwa NX500). Hii ya 2020 ina diski moja. Nilishuka kwa gia ya 3, nikiiachia injini kazi, nikibonyeza breki kwa nguvu na kuiachia badala ya kuikanyagia njia nzima. Mkono wa breki haukulegea, harufu haikutoka. Mtu asiyejua kushuka kwa gia, mwenye abiria na masanduku, ningemshauri atafute ya 2022.

Baada ya Awasi ardhi inalala tambarare hadi Ahero, na hapo ndipo mwili unapoanza kusema. Nilipokuwa naiendesha, upepo uliovuka kioo ulikuwa unaipiga helmeti yangu juu kabisa. Mwalimu, ambaye ni mfupi kuliko mimi, alisema haukumsumbua. Kiti kiko milimita 830 kutoka chini, naye anafikisha vidole tu. Tulipoegesha Ahero penye mwinamo, mguu wake ulikosa ardhi na pikipiki ikalala. Hakuna kilichovunjika ila ncha ya mkono wa klachi. Tulifungua masanduku, tukaiinua pamoja, nikamwonyesha namna ya kuiinua kwa mgongo na mapaja akiwa peke yake. Ni karibu kilo 200 kabla ya mzigo. Ajifunze nyumbani, asisubiri mchanga wa Turkana.

Kisumu tulijaza tangi tena: lita 7.4 kwa kilomita 180, yaani kilomita 24 kwa lita. Tangi ni la lita 17.7. Ukiweka akiba ya lita 3 unabaki na kilomita 350 za uhakika. Kitale hadi Lodwar ni kama 300, kwa hiyo ajaze Kitale, na ajaze tena Kapenguria hata kama geji inaonyesha limejaa.

Kuhusu magurudumu: rimu zake ni za kumiminwa, tairi hazina tyubu. Msumari ukiingia unaziba kwa uzi wa mpira kando ya barabara bila kuvua gurudumu, na kwa anayesafiri peke yake hiyo ni faida kubwa. Ubaya wake ni shimo lenye kingo kali. Rimu ya spoki ikipinda, fundi wa baiskeli anaweza kuinyoosha. Ya kumiminwa ikipasuka, imekwisha.

Spea nilizomwandikia ni chache: kebo ya klachi, mikono ya breki na klachi, pampu ndogo, na viungo 2 vya cheni namba 520. Hicho cha mwisho asikisahau. Bodaboda nyingi hutumia cheni ya 428, kwa hiyo duka lolote la spea kutoka Kondele hadi Lokichar litakuwa na 428, na haitamsaidia. Oili nayo iwe ya pikipiki yenye alama ya JASO MA, kwa kuwa klachi inaogelea humo humo. Oili ya gari inaweza kuifanya iteleze.

Nilimjibu palepale Kisumu, tukila samaki: inunue, ila bei ishuke kwa thamani ya cheni, sproketi na springi. Hahitaji ya cc 650. Ameinunua. Springi ngumu zaidi tumeiagiza, na ikifika tutapima upya kwa futi ile ile, jerikeni zile zile zikiwa ndani ya masanduku.