Nyuzinyuzi za chakula si nyuzi

Juzi mchana nilikuwa Buguruni, nimekaa kwenye benchi la mama ntilie nasubiri wali. Kaka mmoja pembeni yangu anamweleza mwenzake kwamba ameamua kupunguza kitambi. "Siku hizi nakula nyuzinyuzi tu," akasema, akachukua pande la nyama ya ng'ombe lililochemka vizuri, akalichana kwa vidole likaachana uzi mmoja mmoja, akamwonyesha: "Si unaona? Hizi hapa." Bakuli la maharage alilisogeza pembeni, eti linajaza gesi.

Sikumsahihisha, hatufahamiani. Lakini si mara ya kwanza kulisikia kosa hilo. Nimelisikia kwa watu wa mazoezi, nimelisikia kwa dada aliyekuwa sokoni akichagua maembe yale yanayonasa kwenye meno kwa sababu "ndiyo yenye nyuzinyuzi", akiyaacha mapera yaliyopangwa palepale. Kwa hiyo naandika.

Maana yenyewe ni fupi. Nyuzinyuzi za chakula ni ile sehemu ya mmea ambayo vimeng'enya vya tumbo letu na utumbo mwembamba haviwezi kuivunja. Inafika utumbo mpana ikiwa bado nzima. Huko bakteria wanakula sehemu yake, inayobaki inatoka na choo. Neno la kushika hapo ni mmea. Nyama, samaki, mayai na maziwa havina nyuzinyuzi hata kidogo. Zile nyuzi za nyama ni misuli, yaani protini, na tumbo linazimeng'enya vizuri tu.

Kosa limeanzia kwenye jina. Kiswahili kikirudia neno, mara nyingi kinakuchorea sura ya kitu. Muhogo ukiwa majimaji, unajua ukiuuma utakuta nini. Kwa hiyo mtu akisikia nyuzinyuzi, macho yanatafuta uzi. Na hatukuanza sisi: neno la Kiingereza tulilolifuata, *fibre*, limetokana na *fibra* ya Kilatini, nalo ni uzi vilevile. Wanaosema faiba wanaongeza utata mwingine, maana hapa mjini faiba ni boti na ni waya wa intaneti. Kwenye boti na kwenye waya nyuzi zipo kweli, nyuzi za kioo. Kwenye chakula, sehemu kubwa ya kinachoitwa hivyo hakina sura ya uzi.

Angalia bamia. Ikate, iweke sufuriani na maji kidogo, halafu inua mwiko. Ule ute unaovutika kutoka kwenye mwiko hadi sufuriani ndio nyuzinyuzi, za aina inayochanganyika na maji. Mlenda ni hivyo hivyo. Ukimwambia mtu kwamba chakula laini na chenye kuteleza namna ile kina nyuzinyuzi nyingi anadhani unamtania, kwa sababu jina limemfundisha kutafuta kigumu. Kisha angalia nazi. Umekuna, umekamua tui, mkononi imebaki machicha. Mafuta mengi yameondoka na tui, nyuzinyuzi zimebaki kwenye yale machicha tunayowamwagia kuku, nazo ukizitazama zinafanana na chenga.

Vipeperushi vya lishe vya hapa Tanzania vinatumia neno jingine: makapi-mlo. Wengi hawalipendi, wanasema makapi ni takataka, ni kile kinachopeperuka kwenye ungo. Mimi nalitetea. Kwanza, makapi ni ya nafaka, ni ya mmea. Sijawahi kumsikia mtu akisema makapi ya samaki. Yule kaka angesikia makapi-mlo asingeinua kipande cha nyama. Pili, neno hili linakaribiana sana na fikra ya mwanzo. Jina la Kiingereza, *dietary fibre*, lilitumiwa na mtafiti aitwaye Hipsley mwaka 1953, lakini waliolivumisha ni madaktari wawili waliofanya kazi hapa jirani, Hospitali ya Mulago, Kampala: Hugh Trowell na Denis Burkitt. Waliona kwamba magonjwa ya utumbo yaliyokuwa ya kawaida Uingereza yalikuwa adimu kwa wagonjwa wao wa Uganda, na wakahusisha tofauti hiyo na chakula kisichokobolewa. Mwaka 1972 Trowell alieleza kwamba nyuzinyuzi ni mabaki ya kuta za seli za mimea yasiyomeng'enywa na binadamu. Mabaki, ndiyo makapi yenyewe. Mwaka 1976 maelezo yakapanuliwa, yakaingiza na gundi na ute wa mimea. Hapo ndipo mlenda wetu ukapata nafasi yake.

Sasa suala la kupungua. Kuna unga unauzwa kwenye simu kwa maelezo kwamba "nyuzinyuzi zinachoma mafuta". Hazichomi chochote. Kazi yake ni nyingine: zinashika maji na kujaza tumbo, zile za ute zinachelewesha chakula kutoka tumboni, na zinakulazimisha kutafuna. Gramu moja ya wanga ina kalori 4; gramu ya nyuzinyuzi inakupa kama 2 tu, tena kupitia kazi ya bakteria wale. Unashiba mapema, njaa inachelewa kurudi, unakula kidogo zaidi. Mwaka 2015 yalichapishwa matokeo ya utafiti wa Marekani uliofuata watu wazima 240. Nusu walipewa agizo moja tu, kula gramu 30 za nyuzinyuzi kwa siku. Nusu wakapewa mpango wa chakula wenye masharti mengi. Baada ya mwaka, wa agizo moja walikuwa wamepungua wastani wa kilo 2.1, wa masharti mengi kilo 2.7. Si maajabu, lakini ni kitu, na kinatokana na kubadili jambo moja.

Na hapa naomba wapenzi wa dona wanisikilize. Dona ni bora kuliko sembe kwa sababu haijakobolewa, pumba imebaki humo ndani. Lakini kalori za unga wa dona na za sembe hazipishani sana. Mlima wa ugali wa dona ni mlima uleule. Nyuzinyuzi zinakupunguza pale zinapochukua nafasi ya kitu kingine sahanini: wali unashuka, maharage na mchicha vinapanda. Shirika la Afya Duniani linashauri mtu mzima apate angalau gramu 25 kwa siku. Gramu 100 za wali mweupe zinakupa chini ya gramu 1. Maharage yaliyopikwa, kwa uzito huohuo, yanakupa 6 au zaidi, na parachichi linakaribia 7. Ongeza taratibu, wiki hadi wiki, na kunywa maji. Ile gesi inawasumbua zaidi wanaorukia kiasi kikubwa kwa siku moja.

Kaka wa Buguruni, kama utayasoma haya: nyama yako kula, ina faida zake. Ila nyuzinyuzi ulizokuwa unazitafuta zilikuwa kwenye lile bakuli ulilolisogeza pembeni. Siku nyingine anza na nusu yake.