Ramani ya jiolojia na dhana zinazowachimbisha watu mahali pasipo na kitu

Katika maeneo ya dhahabu kuzunguka Ziwa Victoria, kuanzia Geita hadi Mara, ramani ya jiolojia hupita mikononi mwa watu wengi: mwenye leseni, mwenye fedha, mwenye duara (shimo la kuchimbia dhahabu), na wakati mwingine dalali anayeitumia kuuza eneo. Wengi huisoma kama ramani ya barabara, na hasara huanzia hapo. Ramani hii inaeleza kilichoko chini ya udongo, kwa ushahidi uliokusanywa sehemu chache ambako mwamba umejitokeza. Kinachobaki ni hoja ya mjiolojia, na hoja inahitaji msomaji anayeuliza maswali.

Tuanze na rangi, kwa kuwa ndizo zinazowadanganya wengi. Watu hudhani rangi ya karatasi ni rangi ya mwamba. Sivyo. Rangi ni alama ya kundi la miamba yenye umri na asili moja. Ramani nyingi huipaka granaiti pinki au nyekundu, ilhali majabali mengi ya granaiti utakayoyaona Mwanza ni ya kijivu. Kijani cha ukanda wa Geita humaanisha miamba ya kale ya volkano na mashapo (mchanga na tope vilivyotuama vikawa mwamba), yenye umri wa zaidi ya miaka bilioni 2.5. Kijani hicho hakiahidi dhahabu. Dhahabu ilikuja na vimiminika vya moto vilivyopenya kwenye mipasuko na mikunjo, na pale Geita sehemu yake ilinaswa katika miamba ya chuma yenye mistari. Ndani ya kijani kilekile, eneo moja lina mali na la jirani halina kitu. Kwa hiyo soma ufunguo, yaani orodha ya maana za rangi na alama pembeni mwa ramani, kabla ya kitu kingine chochote, kisha tafuta mipasuko na mikunjo.

Alama ndogo yenye umbo la T, ambayo wasomaji wengi huiruka, ndiyo yenye faida kubwa. Mstari wake mrefu huonyesha tabaka limeelekea wapi, kijiti kifupi huonyesha linazama upande gani, na namba ya pembeni ni nyuzi za mwinamo. Wapo wanaoisoma namba hiyo kama mita za kina! Chukua mkanda wa kwatsi, jiwe gumu ambalo mara nyingi ni jeupe, uliojitokeza juu ya ardhi na unaozama kuelekea mashariki kwa nyuzi 60. Eneo likiwa tambarare, duara la wima lililochimbwa mita 20 mashariki ya pale litaukuta mkanda kwenye kina cha takriban mita 35. Mwinamo ukiwa nyuzi 30, litaukuta kwenye mita 11 na nusu. Likichimbwa mita 20 upande wa magharibi, halitaukuta hata vijana washuke mpaka matimba, magogo ya kuzuia kuta za duara, yaishe, labda kama mkunjo au mpasuko umeurudisha upande huo. Tofauti ya magharibi na mashariki imo katika kijiti kimoja cha wino, na inaniuma kila ninapoona jasho la watu likimwagika upande usio wake.

Kosa la pili la namna hiyo ni kudhani upana wa rangi ndio unene wa tabaka. Tabaka jembamba lililolala karibu sambamba na ardhi linaweza kuenea robo ya karatasi. Ardhi ikiwa tambarare, tabaka lenye upana wa mita 200 na mwinamo wa nyuzi 30 lina unene wa mita 100 tu. Na pale mpaka wa miamba unapovuka bonde na kujikunja kama herufi V, si mwamba uliopinda. Ni bonde lililokata tabaka lililoinama. Mara nyingi ncha ya V huelekea upande ambao tabaka linazama, isipokuwa tabaka liwe linazama kuelekea mto unakotiririkia kwa mwinamo mdogo kuliko wa bonde lenyewe.

Skeli nayo hupuuzwa. Kwenye ramani ya 1:100,000, milimita moja ni mita 100 ardhini, kwa hiyo hata unene wa mstari wa kalamu unameza maduara kadhaa. Mstari mzima humaanisha mpaka ulioonekana au unaojulikana vizuri. Wa vipandevipande humaanisha mpaka uliokadiriwa. Kuupanua mstari huo kwenye simu hakuongezi ukweli wowote. Ramani za Taasisi ya Jiolojia na Utafiti wa Madini (GST) ya Dodoma humwambia mtu aanzie wapi kutembea na nyundo. Hazimwonyeshi pa kuchimba.

Dhana yenye historia ndefu ni kwamba kilicho chini ndicho cha kale. Korongo la Olduvai, kaskazini mwa Tanzania, linaipinga kwa macho. Naibor Soit, kilima cha kwatsaiti (mwamba mgumu wa kwatsi), kimeinuka juu kuliko matabaka ya majivu ya volkano na mashapo ya ziwa yanayokizunguka, lakini ni cha kale kuliko yote hayo. Mashapo yalikuja kujaza bonde lililokizunguka. Mwaka 1913 Hans Reck, mjiolojia Mjerumani, alikuta kiunzi cha mtu ndani ya Tabaka la Pili la korongo hilo, akasema mtu huyo ana umri wa tabaka lenyewe. Ubishi uliendelea karibu miaka 20. Jibu lilitoka kwenye udongo uliozunguka mifupa: ulikuwa na vipande vyekundu vya Tabaka la Tatu, lililo juu yake. Kipande hakiwezi kuwapo kabla ya mwamba kilikotoka, kwa hiyo lile lilikuwa kaburi lililochimbwa baadaye sana. Vipimo vya kaboni vikaja kuonyesha takriban miaka 17,000, ndani ya tabaka lenye zaidi ya milioni moja.

Mwisho, mistari ya mipasuko. Watu huiogopa yote kwa hofu ya tetemeko, na wasipoiona hujihisi salama. Mipasuko mingi kwenye ramani ililala zamani sana. Kwa upande mwingine, tetemeko la Kagera la tarehe 10 Septemba 2016, lenye ukubwa wa 5.9, lilianzia takriban kilomita 40 chini ya ardhi, kina ambacho ramani ya uso wa nchi haikifikii. Kinachosaidia ni kuangalia mpasuko umekata nini. Ukilikata tabaka, ulisogea baada ya tabaka hilo kuwekwa. Ukifunikwa na tabaka ambalo haukulikata, ulitulia kabla yake. Kule Olduvai, mipasuko mikuu, ambayo imepewa namba, imekata hata matabaka yale yenye mabaki ya binadamu wa kale.