Bondia asiyeanguka ndiye ninayemhofia

Alipokuwa anavaa shati baada ya vipimo, vifungo vilimshinda. Alijaribu cha kwanza, akakiacha, akahamia cha pili. Mkewe akainuka kwenye kiti cha pembeni, akamfunga vyote sita bila kusema neno, na mikono yake ilivyokwenda haraka nilijua haikuwa mara ya kwanza. Mume ana miaka 47. Alipigana ngumi za kulipwa kwa miaka 13, na kabla ya hapo za ridhaa. (Nimebadilisha mambo mawili matatu ili asitambulike.)

"Dokta, mimi mzima," aliniambia. "Ni huyu tu ana wasiwasi."

Huyo mwenye wasiwasi ndiye aliyenipa habari zote. Mume anaendesha bajaji, na mara mbili mwezi ule abiria walimshtua kuwa amewapitisha. Jambo moja anauliza mara tatu kabla chai haijapoa. Alikuwa mtu wa utani, sasa anaweza kuvunja sahani kwa sababu ya chumvi. "Majirani wanasema netiweki inamkata," alisema, akacheka kidogo, kisha akanyamaza.

Nilimpa maneno matano ayashike: embe, ndoo, msikiti, shati, reli. Baada ya dakika tano akanirudishia mawili. Lakini nilipomuuliza pambano lililomkaa moyoni, alinisimulia raundi kwa raundi, mpaka rangi ya bukta ya mpinzani wake. Akamalizia kwa kujigamba: "Na sijawahi kupigwa KO, dokta. Hata moja."

Nikaandika kwenye faili, nikapigia mstari. Kwake hiyo ni sifa. Kwangu mimi ninayetibu ubongo na mishipa ya fahamu, na ambaye jioni nyingine huitwa kukaa kando ya ulingo, ni dalili ya kuulizia zaidi. Mtu aliyepigana miaka 13 bila kuanguka si kwamba hakupigwa. Alipigwa, akabaki amesimama, akapigwa tena.

Tukizungumzia hatari ya ngumi, wengi tunafikiria kifo cha ghafla. Wakenya hawajamsahau Robert Wangila, bingwa wa Olimpiki ya Seoul 1988. Julai 1994 alipigana Las Vegas, refa akasimamisha pambano raundi ya 9, naye akapinga kwamba bado anaweza. Alikwenda chumba cha kubadilishia nguo kwa miguu yake, na huko ndiko alikopoteza fahamu. Damu ilikuwa imevujia ndani ya fuvu. Alifariki akiwa na miaka 26. Msiba wa aina hiyo unaonekana, unaandikwa magazetini, na mara nyingine hata kanuni hubadilika: mapambano ya ubingwa yalishushwa kutoka raundi 15 hadi 12 baada ya Mkorea Duk Koo Kim kufariki kufuatia pambano lake na Ray Mancini, Novemba 1982.

Ninachokiona mimi kliniki ni kitu kingine. Hakina siku kilipoanza, wala hakuna refa wa kukisimamisha.

Ubongo wa mtu mzima una uzito wa kama kilo 1.4, na ni laini kuliko watu wanavyodhani. Unaelea kwenye majimaji ndani ya fuvu. Ukitaka kuelewa ngumi inafanya nini, chukua chupa ya mtindi ulioganda vizuri, izungushe ghafla kisha ikamate. Chupa imesimama, mtindi bado unazunguka. Utaona mabonge yamekatika, na chupa haina hata mkwaruzo. Konde la moja kwa moja linaurudisha ubongo nyuma, lakini lile la pembeni linalotua kwenye taya linakigeuza kichwa kama mtu aliyeitwa ghafla, na mzunguko huo ndio unaovuta na kukata nyuzi nyembamba zinazounganisha seli moja na nyingine.

Ndani ya kila uzi kuna reli ndogo zinazosafirisha mahitaji ya seli. Protini iitwayo tau ndiyo mataruma ya reli hiyo. Uzi ukivutwa sana, tau inang'oka, inajikunja na kushikamana mafundomafundo. Mafundo hayo huanzia kandokando ya mishipa midogo ya damu, chini kabisa kwenye mifereji ya mikunjo ya ubongo, na kwa baadhi ya watu yanaendelea kusambaa miaka mingi baada ya bondia kutundika glovu. Ndiyo maana mtu anaweza kustaafu akiwa mzima kabisa, akafungua duka, akaoa, halafu miaka kumi na kitu baadaye akaanza kupotea njia ya kwenda dukani kwake. Kitaalamu unaitwa CTE: ugonjwa sugu wa ubongo unaotokana na kichwa kupigwapigwa. Mpaka leo unathibitishwa kwa hadubini baada ya mtu kufa tu. Kwa aliye hai tunakisia kwa dalili na historia, na kwetu, tunakozika mapema na familia haipendi maiti ichezewe, hata huo uthibitisho haupatikani. Sijawahi kuona ubongo wa bondia wetu hata mmoja chini ya hadubini.

Si jambo jipya. Mwaka 1928 Harrison Martland, daktari wa kuchunguza maiti huko New Jersey, Marekani, aliandika kuhusu mabondia "waliolewa ngumi". Jina hakulibuni yeye, lilikuwa limeshazagaa kwa mashabiki waliowaona wakipepesuka barabarani bila kunywa tone. Alitaja makundi mawili yanayoumia zaidi. La kwanza ni la wapiganaji wasiojua kukwepa, wanaokubali kula ngumi kumi ili wapate kurusha moja. La pili ndilo linalonikosesha usingizi: mabondia wa daraja la pili wanaotumiwa kwenye mazoezi ya wenzao, ambao huweza kuangushwa mara kadhaa kwa siku. Ni karibu miaka mia sasa. Nenda gym yoyote ya uswahilini wiki mbili kabla ya pambano kubwa, utamkuta kijana wa kundi hilo, amepewa nauli na sahani ya wali, anafanywa begi na nyota wa kambi.

Uingereza nao walihesabu. A. H. Roberts alichukua mabondia 224 wastaafu wa kulipwa kwa kuwachagua bila upendeleo, na mwaka 1969 akatoa matokeo: 17 kati ya kila 100 walikuwa na dalili za mfumo wa fahamu ulioharibika, na waliopigana muda mrefu zaidi ndio waliokuwa hatarini zaidi. Miaka minne baadaye J. A. N. Corsellis na wenzake walipasua bongo 15 za mabondia wastaafu, wakakuta makovu, seli zilizokufa sehemu inayoongoza mwendo wa mwili, na yale mafundo. Tangu 2011 watafiti wa Cleveland Clinic kule Las Vegas wanawafuatilia mabondia na wapiganaji wa MMA (mchezo unaochanganya ngumi, mateke na mieleka) wakiwa hai, na wameona kuwa kadiri mtu anavyozidi kupigana, ndivyo baadhi ya sehemu za ndani za ubongo zinavyosinyaa. Nawataja wa MMA kwa sababu vijana huniambia huko kuna mieleka zaidi, kwa hiyo ni salama. Jordan Parsons alikuwa mpiganaji wa MMA. Aligongwa na gari akafariki mwaka 2016 akiwa na miaka 25, na ubongo wake ulipochunguzwa ulikutwa na CTE.

Haiwezekani kuandika haya bila Muhammad Ali, na hasa lile pambano la Kinshasa, 30 Oktoba 1974. Wazee wetu walilisikiliza redioni na mpaka leo wanalisimulia kama la juzi: Ali ameegemea kamba, George Foreman anapiga, anapiga, anachoka, raundi ya 8 anaanguka. Tunaiita akili. Na akili ilikuwa, sibishi. Lakini nikiitazama video ile kwa macho ya kazi yangu, nawaza siku zile zisizo na kamera: kambini Ali alikuwa akiwaacha wenzake wa mazoezi wampige ili mwili uzoee. Ngumi ya mazoezi haiingii kwenye rekodi, lakini ubongo haujui tofauti.

Watafiti wa Arizona walipima rekodi za sauti yake, silabi kwa sekunde. Kati ya umri wa miaka 26 na 39 kasi ya maneno yake ilishuka kwa asilimia 26. Mtu aliyekuwa na mdomo mwepesi kuliko wote ulingoni alikuwa akipungua mbele ya maikrofoni za dunia nzima, na ugonjwa wa Parkinson, ule wa kutetemeka na kukakamaa mwili, ukatangazwa 1984. Madaktari bado wanabishana ngumi zilichangia kiasi gani, maana Parkinson huwapata hata wasiowahi kuvaa glovu. Ferdie Pacheco, daktari wa kambi yake, hakusubiri ubishi huo uishe. Aliondoka 1977 alipoona ushauri wake wa kuacha ngumi hausikilizwi.

Namwelewa sana Pacheco. Mapumziko kati ya raundi ni dakika moja. Nikipanda kona, maji yanamwagwa, kocha anapiga kelele, mafuta yanapakwa. Ninaangalia macho, ninauliza: "Hii raundi ya ngapi?" Jioni moja bondia alinitazama kama vile nimemwuliza jina la babu yake mzaa babu. Kocha akajibu: "Ya tano, dokta, yuko poa." Nikamwambia, mwalimu, sikukuuliza wewe. Nilisimamisha pambano. Nilivyozomewa siku ile, nilitokea mlango wa nyuma.

Wengi huniuliza kuhusu glovu na kofia za kukinga kichwa. Glovu inalinda zaidi mkono wa anayepiga. Mifupa ya vidole ni midogo, ukipiga fuvu kwa mkono mtupu unaweza kuivunja, kwa hiyo utapiga kwa hesabu. Ukivaa glovu unapiga kichwa jioni nzima. Kofia inazuia kuchanika na uvimbe, lakini haizuii mtindi kuzunguka ndani ya chupa. Chama cha dunia cha ngumi za ridhaa kiliziondoa kwa wanaume wakubwa mwaka 2013, na Olimpiki ya Rio 2016 wakapigana vichwa wazi. Mimi mazoezini bado napenda ivaliwe, kwa sababu ya ngozi na masikio. Ila kocha akiniambia "wamevaa kofia, waache wapigane kweli", namjibu kuwa hapo kofia imegeuka ruhusa.

Kinachopunguza madhara kwa hakika ni kupunguza idadi ya ngumi za kichwa, na nyingi ziko mazoezini. Pigeni begi, pigeni padi, fanyeni sparingi (kupigana na mwenzako mazoezini) ya mwili, za kichwa ziwe chache na za kuhesabu. Aliyepigwa KO apumzike kweli. Bondia akisimamishwa asipigane kwa wiki kadhaa, pambano analikosa, lakini Jumanne ijayo utamkuta gym anakula ngumi, kwa kuwa huko hakuna anayeuliza karatasi.

Na si kila bondia aliyesahau ana CTE. Huwa naanza na yanayotibika: damu iliyoganda polepole juu ya ubongo, ambayo inaweza kutolewa kwa upasuaji, kaswende ya zamani, VVU, presha, upungufu wa vitamini B12, tezi la shingo, pombe, sonona. Wawili walioletwa kwangu wakiambiwa wamerogwa walikuwa na damu ndani ya fuvu, na mmoja alirudi kazini. Kwa hiyo usimfungie ndugu yako ndani ukisema ni ngumi zimemharibu, basi.

Ukimleta, njoo naye mwenye kuishi naye nyumba moja, kwa sababu bondia peke yake ataniambia yuko fiti. Nileteeni idadi ya mapambano, ya ridhaa pia, na mnisaidie kukadiria siku ngapi kwa wiki alikuwa anafanya sparingi, na nani.

Yule bwana wa vifungo tulimpima vyote hivyo, hatukukuta cha kutoa kwa upasuaji wala cha kutibu kwa sindano. Ana dawa za kumsaidia usingizi na hasira, anafanya mazoezi ya mizani ya mwili kila Alhamisi, na mkewe amembandikia karatasi ya kumkumbusha mambo jikoni. Nimemwomba aache bajaji. Mkewe anasema asubuhi bado anaiosha, anaiwasha, na siku nyingine anatoka nayo.