Je, nyumba za bei nafuu zitashusha thamani ya mtaa wenu?

Kila tunapoitwa kwenye mkutano wa mtaa kueleza mradi wa nyumba za bei nafuu, wa kwanza kunyoosha mkono huuliza lile lile: nyumba zetu hazitashuka bei? Anayeuliza ana picha kichwani: wapangaji waliobanana chumba kimoja kimoja, maji machafu uchochoroni, vijana wasio na kazi kijiweni. Tunaliheshimu swali hilo, maana kwa familia nyingi za Dar es Salaam nyumba ndiyo akiba yao yote. Jibu lake liko Sinza.

Leo kiwanja cha Sinza au Kijitonyama si cha mtu wa mshahara mdogo. Wengi hawajui kwamba mitaa hiyo ilipangwa kwa ajili ya watu wa kipato cha chini. Katika miaka ya 1970 Serikali, kwa mkopo wa Benki ya Dunia, ilianzisha mradi wa viwanja na huduma. Ilipima viwanja vidogo, ikachonga barabara, ikaleta maji na kutenga maeneo ya shule na zahanati, kisha wananchi wakajijengea kwa kadiri ya mifuko yao. Mradi ulifika miji 7, ikiwemo Mbeya, Mwanza, Tanga na Tabora. Watafiti walioipima mitaa hiyo miongo kadhaa baadaye walikuta ardhi yake ina thamani kubwa kuliko maeneo ya jirani yaliyojengwa kiholela, na nyumba zake ni bora zaidi.

Mtaa hushuka hadhi unapokosa njia na mifereji. Mpe fundi cherehani kiwanja kilichopimwa, chenye barabara na maji, atajenga kidogo kidogo hadi apate nyumba ya maana. Mpe meneja kiwanja kisicho na njia, siku choo kikijaa gari la majitaka halitamfikia.

Kuhusu wizi na vurugu, kuna mji wa Mount Laurel, jimbo la New Jersey, Marekani, ambako wenyeji walipinga kwa miaka mingi, hadi mahakamani, nyumba za watu wa kipato cha chini. Hatimaye nyumba 140 zilijengwa, na wapangaji wakaanza kuingia mwishoni mwa mwaka 2000. Watafiti wakiongozwa na Douglas Massey wa Chuo Kikuu cha Princeton waliulinganisha mji huo na miji ya jirani inayofanana nao. Uhalifu haukuongezeka kwa sababu ya mradi, wala bei za nyumba hazikushuka. Karibu theluthi moja ya majirani waliohojiwa hawakujua hata kwamba mradi upo.

Mimi nina hofu nyingine, na naomba tuibebe pamoja. Thamani ya Sinza ilipanda, lakini viwanja vingi vilivyokusudiwa watu wa kipato cha chini viliishia kwa wenye uwezo. Mtaa ulifanikiwa, mlengwa akakosa nafasi ndani yake. Hilo linaniuma kuliko bei ya kiwanja cha mtu yeyote.

Ndiyo maana naitazama Magomeni Kota kwa makini. Kaya 644 ziliondolewa kota zao kuukuu zilipobomolewa, zikakaa miaka mingi zikiishi kwingine. Majengo mapya yalizinduliwa Machi 2022, nazo zikarudi palepale Magomeni, kando ya barabara ya mwendokasi. Mahali hapo pana uzito wake. Nyumba ya bei ndogo pembezoni kabisa mwa mji, panapohitaji daladala mbili au tatu kufika kazini, humla mwenyewe nauli kila siku hadi unafuu wake ukaisha.

Basi mradi ukiletwa mtaani kwenu, waulizeni wahusika mambo haya. Majitaka yataelekea wapi? Nani atatengeneza lifti na pampu ya maji zikiharibika, na kwa mchango wa shilingi ngapi kwa mwezi? Aliyepewa nyumba ataruhusiwa kuiuza baada ya miaka mingapi, na atamuuzia nani? Waombeni majibu kwa maandishi, yabandikwe ofisi ya serikali ya mtaa kabla shimo la msingi halijachimbwa.