Bomba kuganda: maana yake, na kwa nini hupasuka mbali na barafu

Jirani yako wa Dallas au Minneapolis, huko Marekani, akisema bomba limeganda, ana maana kwamba maji yaliyomo ndani yamekuwa barafu na hayapiti tena. Hilo peke yake ni usumbufu tu. Hasara ni bomba likipasuka, na hapo ndipo wengi wetu tunapoelewa vibaya.

Maji yakigeuka barafu hutanuka kwa takriban asilimia 9. Aliyewahi kusahau chupa ya maji iliyojaa pomoni ndani ya friza anajua alivyoikuta asubuhi: imevimba, au imechanika ubavuni. Kwa hiyo tunadhani barafu ndiyo inayolitanua bomba mpaka lipasuke. Mara nyingi sivyo. Barafu huanza mahali pamoja, tuseme ndani ya ukuta wa nje, ikaziba bomba kama kizibo. Ikizidi kukua inayasukuma maji yaliyobaki kati yake na koki iliyofungwa. Maji hayashindiliki wala hayana pa kwenda. Presha inapanda, inapanda, mwisho bomba linaachia palipo dhaifu, pengine chini ya sinki ambako hakuna hata chembe ya barafu.

Ndiyo maana wenyeji huacha koki ikidondosha usiku wa baridi kali. Sisi tuliolelewa kwa kelele za "funga bomba, maji yanamwagika!" tunaona ni ufujaji. Ni kweli kwamba maji yanayotembea huchelewa kuganda, lakini faida kubwa ni kuwa koki iliyo wazi kidogo inaipa presha pa kutokea. Hata kizibo cha barafu kikijitengeneza, bomba lina nafasi nzuri ya kupona. Matone yanayofuatana yanatosha, hasa kwenye koki ambazo mabomba yake yanapita ukuta wa nje. Na milango ya kabati la chini ya sinki iache wazi, joto la chumba liingie.

Hatari haianzi sifuri kamili. Utafiti wa Chuo Kikuu cha Illinois kuhusu mabomba yasiyofunikwa, yanayopita darini, uliweka mpaka wa tahadhari kwenye nyuzi 7 za Selsiasi chini ya sifuri, yaani 20 kwa Farenhaiti, kipimo wanachotumia Wamarekani. Upepo ukipata ufa wa kupenya hadi kwenye bomba, mambo huwa mabaya zaidi.

Texas, jimbo iliko Dallas, waliyaona hayo Februari 2021. Dallas ilishuka hadi karibu nyuzi 19 chini ya sifuri. Nyumba nyingi za kule zilijengwa kwa kufikiria jua, na mabomba hupitishwa darini. Umeme ukakatika kwenye mamilioni ya nyumba, hita zikazimika. Wengi walijua wamepata hasara baridi ilipopungua, dari zilipoanza kubomoka kwa maji. Bomba lililochanika huweza kukaa kimya kwa sababu barafu bado imeliziba. Joto likirudi, ndipo linapomwaga.

Kwa hiyo ukifungua koki asubuhi isitoe kitu, usifurahie kwamba sakafu ni kavu. Iache koki wazi, kisha pasha bomba polepole kwa mashine ya kukaushia nywele, ukianzia upande wa koki kurudi nyuma. Moto wa gesi au mkaa usiukaribie kabisa. Kuna watu wameunguza nyumba wakijaribu kuokoa bomba. Na umeme ukikatika kwa muda mrefu, funga koki kuu, fungua koki nyingine zote, maji yatoke mabombani.

Ukiwa mpangaji, muulize mwenye nyumba koki kuu iko wapi kabla ya Desemba. Si swali la kumpigia simu saa nane usiku, maji yakiwa yanateremka ngazi.