Taa za mbele za gari la spoti la zamani: badili taa nzima, usibadili balbu peke yake

Malalamiko kuhusu taa kali yameongezeka, na sasa hayahusu malori peke yake. Dereva anayetoka Chalinze kwenda Morogoro usiku anapishana na Toyota Altezza au Celica iliyoshushwa mpaka chini, taa zake zikiwaka kama mtu anayechomelea geti, na kwa sekunde kadhaa haoni ukingo wa lami wala mwendesha baiskeli aliye pembeni. Tunaamini wengi wanaofunga taa hizo hawana nia mbaya. Wamenunua gari la miaka 20 au 25, wamekuta halimuliki, wametafuta suluhisho. Shida yao ni ya kweli. Suluhisho walilouziwa ndilo bovu.

Tuelewane mapema kwamba hakuna anayezuiwa kuboresha taa za gari lake. Kinachotuhusu sisi wakaguzi ni gari linalohatarisha wengine barabarani, na taa inayopofusha anayekuja mbele ni hatari hata kama aliyeifunga anaona vizuri mpaka kilomita ya pili.

Kosa tunalokutana nalo zaidi ni kuchomeka balbu ya LED (vidoti vya umeme) au ya HID (balbu ya gesi) ndani ya taa iliyoundwa kwa halojeni, yaani balbu ya kawaida yenye uzi unaowaka. Chukua H4, balbu iliyomo kwenye Subaru Impreza nyingi za miaka ya tisini. Ina nyuzi mbili, wati 60 za full (mwanga wa mbali) na wati 55 za dim (mwanga wa karibu), na chini ya uzi wa dim kuna kikombe kidogo cha chuma. Kikombe hicho kinazuia mwanga usiguse nusu ya chini ya kiakisi, ule upinde unaong'aa unaorudisha mwanga mbele, na ndiyo sababu dim inakuwa na mstari juu ambako mwanga unakatika. Kiakisi kimechongwa kikitegemea uzi ukae mahali pale pale, kwa unene ule ule. Weka chanzo kingine cha mwanga, kinene zaidi au kilichosogea milimita mbili, na mstari unavurugika. Mwanga unapanda juu, unaingia machoni mwa watu, na barabara ya mbali unakofikiri unaiona unaipata kidogo, kwa sababu mwingi umemwagika mita chache mbele ya bampa. Boksi linaweza kuandikwa lumeni 20,000, yaani kiasi cha mwanga. Boksi halitengenezi mstari.

Hapa ndipo tunapoulizwa, tena kwa ukali, mbona magari mapya yana LED na hayakamatwi. Yana LED kwa sababu taa nzima, kuanzia kiakisi, lenzi mpaka kipoza joto, ilisanifiwa na kupimwa pamoja na LED hizo. Vivyo hivyo Altezza zilizotoka Japani na HID za kiwandani: taa zake ziliundwa kwa HID na hazina tatizo, ilimradi hazijaguswa. Swali hili limejibiwa mara nyingi mno na bado linarudi kila kampeni ya ukaguzi.

Wapo pia wanaotuonyesha picha ya Datsun 240Z, gari lililoshinda Safari Rally mwaka 1971 na 1973, wakisema mbona zile zilijaa spot, yaani taa za nyongeza, mbele. Spot za namna hiyo ni za kusaidia full. Zinaungwa kwenye rilei (swichi inayowashwa na umeme) inayofuata full, ukirudisha dim nazo zinazima. Zako zina swichi yake pembeni ya usukani na unaziwasha ukiwa Kimara kwenye foleni. Hayo ni mambo mawili tofauti.

Kabla hujanunua chochote kwenye maduka ya spea ya Gerezani, Dar es Salaam, tafuta mwanga wa gari lako ulikopotelea. Kwa magari haya, mara nyingi umepotelea kwenye kioo na kwenye nyaya.

Vioo vya plastiki hugeuka njano kwa jua. Dawa ya meno inang'arisha kwa wiki chache kisha unjano unarudi, kwa hiyo wacheni. Kinachofaa ni kusugua kwa msasa wa maji, namba 1000, kisha 2000, kisha 3000, halafu kupuliza varnishi ya gari yenye kinga ya jua. Bila kinga hiyo umefanya kazi bure. Kama rangi ya fedha ndani ya kiakisi imebabuka, hakuna msasa utakaosaidia. Taa hiyo imekwisha.

Kwenye nyaya, mwambie fundi umeme apime volti nyuma ya balbu, injini ikiwaka na taa zikiwa zimewashwa, kisha apime kwenye betri. Mwanga wa halojeni unashuka haraka kuliko volti: ukipoteza asilimia 10 ya volti, unapoteza karibu asilimia 30 ya mwanga. Katika magari mengi ya zamani umeme wote wa taa hupita kwenye swichi ya usukani na kurudi kwa waya mwembamba, na ethi, waya unaounga umeme na bodi ya gari, imeshika kutu. Safisha ethi. Funga rilei, moja ya dim na moja ya full, kwa waya mnene kutoka betri na fyuzi karibu na betri. Tahadhari moja: Toyota nyingi za miaka hiyo swichi hukata hasi, si chanya, hivyo seti ya nyaya iliyotengenezwa kwa magari ya Ulaya inaweza isifanye kazi au ikaacha taa ya bluu ya full inawaka kwenye dashibodi muda wote. Fundi asiyejua hilo asiguse. Na balbu za wati 100 ziacheni dukani, zinayeyusha soketi.

Ukishafanya hayo na balbu mpya za kawaida, wengi hawahitaji kitu kingine. Anayehitaji, anunue taa kamili. Datsun na wenzake wenye taa za duara za inchi 7 wana bahati, kwani taa kamili za ukubwa huo zipo, za H4 na za LED. Kwenye kioo tafuta herufi E ndani ya duara, na chini yake tafuta mshale. Ukisimama mbele ya taa ukiitazama, mshale unaoelekea kulia kwako maana yake taa ni ya nchi zinazoendesha kushoto, kama yetu. Wenye vichwa viwili unafaa pande zote. Taa yenye E bila mshale ni ya wanaoendesha kulia; ukiifunga hapa, dim yake inainuka upande wa anayekuja. Taa za Japani kwa soko la Japani mara nyingi hazina E, lakini nao wanaendesha kushoto, kwa hiyo mwelekeo wake unatufaa.

Baada ya kubadili, elekeza upya. Tairi ziwe na upepo sahihi, dereva awe ndani, gari lisimame mita 10 kutoka ukutani, sehemu tambarare. Mstari wa dim uwe sentimita 10 hivi chini ya kimo cha katikati ya taa. Ukibadilisha springi umebadilisha taa, rudia kipimo.

Sasa utaratibu, kwa sababu hapa ndipo maneno mengi ya uongo yanapozalishwa. Askari akikuta kosa anakuandikia kwa mashine, unapewa namba ya kumbukumbu ya malipo, unalipa benki au kwa simu. Faini ya papo kwa hapo hutozwa kwa kila kosa. Makosa mawili, faini mbili. Taa mbovu na tairi kipara hazihesabiwi pamoja kwa sababu ziko kwenye gari moja. Askari hapokei fedha taslimu. Kulipa ni kukubali kosa. Usipokubali una haki ya kupelekwa mahakamani, na haki hiyo haikufanyi mkorofi. Deni linabaki kwenye namba ya gari na linaonekana mtandaoni, hivyo anayenunua gari aangalie kwanza. Kulipa hakuhalalishi taa: kesho zikikutwa vile vile ni kosa jipya. Gari likionekana ni hatari linaweza kuzuiwa lisiendelee na safari mpaka lirekebishwe na kukaguliwa tena.

Ikitokea ajali usiku, mkaguzi ataandika taa alizozikuta, na kampuni ya bima itaisoma taarifa hiyo. Kila bima ina masharti yake. Uliza yako kabla, kwa maandishi.

Unapoleta gari kukaguliwa, njoo na risiti ya taa mpya na taa za zamani ukiwa nazo kwenye buti. Kama taa ni zile za kuinuka, zinazojificha ndani ya boneti zikizimwa, hakikisha mota zote mbili zinainua hadi mwisho, maana iliyoishia katikati haiwezi kupimwa na utarudishwa nyumbani.